Vipima Vitatu na Sikio la Bibi

Jumatano, tarehe 6 Machi

Leo nimepata wito wangu maishani. Unatoshea kiganjani.

Lakini nianze na aibu ya Bibi, maana bila aibu hiyo wito usingekuja. Bibi yangu ni mwimbaji wa mstari wa mbele katika Kwaya ya Wastaafu. Anavaa kifaa cha kusikia kwenye sikio la kulia. La kushoto lilistaafu kabla yake. Kifaa kinatumia betri ndogo kama kidonge, na betri ikiisha hakiagi. Kinanyamaza tu. Wiki iliyopita mazoezini kilinyamaza katikati ya wimbo. Wenzake wakamaliza, wakafunga vinywa. Bibi akaendelea. Ubeti mzima! Peke yake, akiyumba na kutabasamu.

Nyuma yake husimama Bibi Filimbi. Ni jina la utani, kwa ajili ya sauti yake. Ameitamani nafasi ya Bibi tangu kwaya ianze. Siku hiyo alicheka hadi akashikilia kiti. Mwalimu wa Kwaya hakucheka. Alimwita Bibi pembeni, akamwambia kwa upole kwamba likitokea tena, na hasa likitokea kwenye tamasha la Jumamosi ya tarehe 16, basi atahamia nyuma karibu na ndoo ya maji ya kunywa, na huko awe anafungua mdomo tu bila kutoa sauti.

Kufungua mdomo tu. Bibi!

Tangu siku hiyo haimbi jikoni. Anakatakata mboga kimya kimya. Nyumba imekuwa kama maktaba, na mimi ninayezipenda maktaba nasema haifai.

Sasa wito. Nikitoka shule nilipita kwa Mzee wa Vikorokoro, pale kona, anakouza pasi zisizo na nyaya, miwani ya kioo kimoja na funguo za milango ambayo hakuna ajuaye iko wapi. Katikati ya funguo nikakiona. Kiboksi cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Kioo kidogo, na ndani ya kioo mshale. Kushoto rangi nyekundu, kulia kijani. Pembeni kitundu cha kulazia betri, na ulimi wa chuma wa kuikandamiza. Mzee akasema ni kipima betri za vifaa vya masikio, cha enzi zile, mali ya daktari wa masikio, na hakijawahi kusema uongo tangu kizaliwe. Nikauliza kama alimfahamu daktari huyo. Akasema wanaouliza sana huwa ndio wasionunua.

Sikuuliza tena. Nimempa atlasi yangu, tukabadilishana.

Mpango: hakuna betri itakayoingia sikioni mwa Bibi bila kupimwa. Mama aliuliza kama isingekuwa rahisi kumwekea betri mpya asubuhi ya tamasha, basi. Nikamweleza kwa heshima kwamba huko ni kubahatisha, na hii ni sayansi. Mama akarudi kwenye vitunguu vyake.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Ushindi, kisha msiba.

Ushindi: Bibi hatupi kitu. Ana kopo la majani ya chai lililojaa betri za miaka yote. Nimezipima moja moja. Kijani. Kijani. Kijani! Kumbe tumekaa na utajiri ndani ya kopo. Nikachagua iliyopeleka mshale mbali zaidi, nikamwekea Bibi, nikamuuliza kama ananisikia. Akasema ananisikia mpaka ninavyopumua, na niache kupumua hivyo.

Msiba: Shangazi akapiga simu. Shangazi ni binti wa Bibi, dada yake Baba, na anasema maneno kumi kwa pumzi moja. Bibi akapokea. Nilikaa karibu nikiandika matokeo. Bibi alisema ndiyo, mwanangu. Akasema sawa. Akasema sawa kabisa. Akasema hakuna shida. Nilifurahi kuona mazungumzo yanavyokwenda. Baadaye akanipa simu, akasema Shangazi hajambo na amekwisha kukata.

Shangazi alikuwa hajakata. Alikuwa anashukuru. Anamshukuru sana mama yake kwa kukubali kwamba yeye na mwanawe waje kukaa kwetu wiki mbili huku paa lao likitengenezwa, na kwamba mwanawe alale kitandani kwangu kwa sababu ya mgongo.

Nikamtazama Bibi. Nikamwita. Nikamwita tena. Alikuwa anatabasamu, haelewi kitu. Kifaa kimekufa, na hakuna ajuaye kilikufa saa ngapi.

Nikaitoa betri, nikaipima. Kijani.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Wamefika. Mabegi matano, cherehani moja, na binamu yangu.

Binamu yangu anaitwa Injinia na kila mtu, pamoja na watu wasiomjua. Ananizidi mwaka mmoja na kichwa kimoja. Anatengeneza simu za watu. Anaongea na watu wazima kana kwamba amewaajiri. Mimi ananiita Kamusi. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amelala kitandani kwangu, miguu ikining'inia nje, na mgongo wake ulikuwa mzima kabisa. Mimi nitalala kwenye mkeka kati ya kabati na cherehani.

Alikiona kipima changu. Akaomba akijaribu. Akainama chini ya kitanda, akaibuka na betri iliyoota kutu, nadhani ilikuwa ya kikaragosi nilichochezea nikiwa na miaka minne. Akailaza kitunduni. Kijani. Injinia akakaa chini akacheka mpaka Shangazi akaja kuuliza ni nani amekufa. Akasema hiki si kipima, ni mtu mwema. Kinamsamehe kila mmoja.

Basi nimekiita Mpole.

Halafu akaniambia, eti vipima vya zamani vilitengenezwa kwa betri za zamani, za madini mengine, na betri za sasa zinafanya kazi kwa kuvuta hewa kupitia matundu madogo. Betri zinazopumua! Nilicheka kwa dharau. Nilicheka peke yangu. Sijazoea dharau, ilitoka kama kikohozi.

Ila neno lake lilinikaa rohoni. Kama Mpole anasamehe, nani atamwambia amekosea? Ni lazima kuwe na kipima cha pili cha kukipima cha kwanza. Alasiri nikarudi kwa Mzee wa Vikorokoro. Anacho! Kirefu, cheusi, kina mfuniko wa ngozi na harufu ya dawa ya nondo. Nimempa kamusi yangu. Kabla ya kumkabidhi nilisoma herufi K kwa mara ya mwisho, Mzee akaniambia nisome nyumbani kwangu.

Hiki nimekiita Mkali. Kwa Mkali kila kitu ni chekundu. Kopo zima la Bibi: jekundu tupu. Nikamwomba Injinia betri ya saa yake, saa ikiwa inatembea vizuri mkononi. Nyekundu.

Sasa saa haitembei. Huenda niliirudisha betri kichwa chini. Injinia hasemi nami. Kimya hicho ndicho faida pekee ya leo.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Mpole anasema zote hai. Mkali anasema zote maiti. Usiku kucha, pale kati ya kabati na cherehani, niliwaza. Mashahidi wawili wakipingana, mahakama hufanya nini? Huita hakimu.

Mzee wa Vikorokoro alinitarajia. Alikuwa amekwisha kukifuta vumbi kipima cha tatu. Cha mbao, kizito, na kioo kikubwa kama sahani ya kikombe. Alitaka kitabu kinene, akasema vitabu vyangu vinauzika, watu wanafungia karanga. Nilifumba macho nikampa riwaya mbili.

Nimemwita Hakimu. Nimemlazia betri ya kwanza. Mshale ukainuka taratibu, kwa heshima, ukafika katikati, ukasimama. Si nyekundu. Si kijani. Betri ya pili: katikati. Ya tatu: katikati. Nikaondoa betri kabisa: katikati.

Hakimu ameahirisha kesi.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Mwalimu wa Jiografia alituambia tufungue atlasi. Nilifungua daftari la hesabu, nikalitazama kwa makini kama mtu anayetafuta mto. Akaniambia nisimame niwaeleze wenzangu nimefika wapi. Mimi kusimama mbele za watu! Magoti yakaanza, kama kawaida yake. Nikakaa bila kuambiwa. Mwalimu akasema safari yangu imekuwa fupi, darasa likavunjika mbavu.

Bibi aliuliza shule ilikuwaje. Nikasema nzuri. Kifaa kilikuwa kimezima, lakini alinitazama usoni, akanisogezea kipande kikubwa cha muhogo.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Mama amenunua pakiti mpya. Betri sita, kwa ajili ya tamasha. Ameiweka juu ya kabati, akasema isiguswe na mtu, huku akinitazama mimi na kumtaja mtu.

Mtu akaigusa. Nitawezaje kuziacha? Betri sita ambazo hakuna aliyezipima! Na Bibi anakwenda kusimama mbele ya ukumbi mzima akizitegemea!

Kila betri imefunikwa kibandiko kidogo cha rangi ya chungwa. Kipima hakisomi vizuri kupitia kibandiko. Nikabandua cha kwanza, nikapima hapo hapo. Mpole: kijani. Mkali: nyekundu. Hakimu: katikati. Nikabandua cha pili. Hivyo hivyo. Nikabandua zote. Hivyo hivyo zote. Hapo nikaelewa. Pakiti nzima ni mbovu! Mama ameuziwa betri zilizokufa, na mimi pekee ndiye ninayejua.

Nikaenda duka la dawa kulalamika. Njia nzima nilikariri: nimesikitishwa na bidhaa yenu. Nilipoingia, muuza dawa akaniuliza ninataka nini. Nikasoma bango la chawa ukutani. Nikalisoma lote, na maandishi madogo. Akaniuliza tena. Nikanunua plasta. Akauliza nimeumia wapi. Nikasema bado.

Nyumbani nilivirudishia vibandiko vyote sita, kwa gundi ya shule ili vishike barabara, nikairudisha pakiti juu ya kabati. Ukitazama kwa mbali huwezi kujua. Ukitazama kwa karibu, huwezi kujua kama huna miwani.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Bibi ana miwani.

Asubuhi aliishusha pakiti ili aweke betri ya mazoezi ya jioni. Akaigeuza. Akabandua betri moja kwa kucha, gundi ikavutika kama uzi wa buibui. Akaiweka kwenye kifaa: kimya. Akaweka nyingine: kimya. Akanitazama mimi, akavitazama vipima vyangu vitatu vilivyopangwa dirishani. Nikasubiri kugombezwa. Akasema tu: "Haya, mume wangu." Bibi huniita mume wake nikiwa nimefanya jema sana au baya sana. Kisha akachukua mkoba wake mkubwa, akatoka, akasema anakwenda kunyoosha miguu.

Niliporudi kutoka shule Injinia alikuwa ameanza kusema nami tena. Ingekuwa heri asingeanza. Alikuwa ameishika pakiti kwa nyuma, akaniomba mimi, msomaji wa familia, nisome. Imeandikwa hivi: ukibandua kibandiko, hewa inaingia na betri inaanza kazi; isubiri ivute pumzi kidogo kabla ya kuitumia; ikishaanza haisimamishwi. Nilikuwa nimezipima kabla hazijavuta pumzi hata moja. Halafu, akasema Injinia, nikazipaka gundi puani.

Nimesoma bango la chawa lote. Pakiti nilisoma mbele tu.

Basi nimeziua. Sita, kwa mikono yangu. Mama alikimbia duka la dawa, akarudi mikono mitupu. Muuza dawa amesema mzigo mpya unakuja wiki ijayo. Pakiti mbili za mwisho zilichukuliwa leo leo asubuhi na bibi mmoja mwenye haraka na mkoba mkubwa.

Bibi mwenye haraka! Mkoba mkubwa! Nani mwingine kama si Bibi Filimbi? Amezinunua zote ili Bibi wangu akose. Sikujua kwamba muziki una watu wabaya kiasi hiki. Nilimwambia Injinia. Aliniuliza kama atlasi niliyoiuza ilikuwa na ramani ya nyumba hii.

Sikuelewa. Wivu huongea mafumbo.

Bibi amekwenda mazoezini hivyo hivyo. Aliporudi nikamuuliza kwa ishara ilikuwaje. Akasema alimwambia Mwalimu kwamba koo linakwaruza, akakaa akatazama tu.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Bibi amekaa siku nzima bila kifaa. Shangazi anamhadithia habari za paa, bati baada ya bati, na Bibi anatabasamu kwa amani. Mama alisema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye angetamani kuwa na swichi.

Lakini mimi sili, silali. Keshokutwa Bibi atasimama mbele ya ukumbi bila kusikia kitu. Atapitiliza tena, mbele ya mji mzima, na ya ndoo ya maji yatatimia. Na safari hii hakuna betri ya kulaumiwa. Ni mimi.

Nilivitazama vipima dirishani nikakaribia kuvitupa. Hapo nikaona! Kipima ni nini? Ni mshale. Unainuka, unashuka. Na mimi nina mkono!

Mpango: nitasimama mbele ya ukumbi, chini kidogo ya Mwalimu, mahali Bibi anaponiona. Mkono ukiwa juu, imba. Mkono ukishuka, nyamaza. Nitakuwa mshale wa Bibi.

Nilimsogelea sikioni nikampigia kelele mpango wote. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama nimeelewa ninachosema: nisimame mimi, mbele za watu wote wale, mimi ambaye wageni wakija huwa najificha na kitabu chooni? Nikasema ndiyo. Nikasema kwa ajili yake, ndiyo.

Bibi alinitazama kama anayetafuta alipoiweka sindano. Kisha akasema sawa, basi tufanye mazoezi.

Tulifanya sebuleni, dirisha wazi kwa ajili ya joto. Mkono juu, Bibi akaimba. Mkono chini, akanyamaza. Safi kabisa! Shangazi alipiga makofi. Nilipogeuka nikaona kichwa dirishani. Bibi Filimbi! Alisema anapita tu. Anapita tu, ameegemeza viwiko vyote viwili?

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Tumbo.

Jumamosi, tarehe 16 Machi

Ninaandika nikiwa nimelala chali, maana mkono wa kulia hauinuki, ninautegemeza kwa mto.

Ukumbi ulijaa. Watu walisimama hadi mlangoni. Kwaya ikaingia na sare zake za buluu, Bibi mstari wa mbele, mkoba begani. Nilimwambia auache, akasema hauachi. Bibi Filimbi nyuma yake, akinikodolea macho mimi, si Mwalimu. Alikwisha kuwaambia wenzake watazame kichekesho.

Kusimama. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kiti kilinishika kama gundi ile ya betri. Injinia, aliyekaa pembeni yangu, akaninong'oneza: "Kamusi, nenda bwana, nitakushikia viatu vikidondoka." Nikapiga moyo konde. Nikasimama. Nikatembea hadi mbele. Nilisikia mtu akiuliza yule mtoto anauza nini. Magoti yakagongana hadi nikahofia yataharibu mdundo. Nikainua mkono.

Bibi akaniona. Akatabasamu. Akaimba.

Niseme ukweli, sikumbuki wimbo wa kwanza. Wa pili ulikwenda vizuri, isipokuwa nzi alikuja kukaa puani mwangu, na mimi bila kufikiri nikashusha mkono kumfukuza. Katikati ya ubeti! Roho ikaniruka. Lakini Bibi hakunyamaza. Aliendelea na wenzake sawasawa. Ana kumbukumbu ya ajabu ya nyimbo.

Wimbo wa tatu ndio wa mwisho, ndio mrefu, na ndipo mkono wangu ulipokufa ganzi. Ulibaki juu kama mti wa simu. Kwaya ikafika mwisho. Mwalimu akakata kwa fimbo yake: kimya! Nikajaribu kushusha mkono. Haushuki. Nikauvuta kwa mkono wa kushoto. Haushuki! Nikafumba macho nisimwone Bibi akiaibika.

Na sauti ikaendelea. Peke yake, ukumbi mzima kimya. Nyembamba. Kali.

Nyembamba?

Nikafumbua macho. Bibi amefunga mdomo wake, ametulia kama maji mtungini. Anayeimba ni Bibi Filimbi! Alikuwa ameukazia macho mkono wangu kwa jinsi alivyotaka kumwona Bibi akikosea, hata akamsahau Mwalimu. Mkono uko juu, naye anaimba. Aliimba nusu ubeti, akiyumba. Ukumbi ukamshangilia kwa vigelegele. Mwalimu akauma fimbo yake.

Baada ya hapo, akiwa nyuma ya Bibi, Mwalimu alisema kwa sauti ya chini kwamba nafasi ya mstari wa mbele ni ya Bibi hadi atakapochoka mwenyewe, na Bibi bila kugeuka akamjibu kwamba bado hajachoka. Anasoma midomo kwa kisogo! Sijui amejifunza lini. Bibi Filimbi amepangiwa karibu na ndoo ya maji, kwa muda. Kwa haki nilimhurumia kidogo. Bibi alimpelekea kikombe cha maji yeye mwenyewe, wakacheka jambo fulani, mabega yakigusana.

Njiani Injinia akaniambia. Alisema bibi mwenye haraka na mkoba mkubwa ni bibi yetu. Kwamba Jumatano ile alikwenda kununua betri zake mwenyewe, akazificha mkobani ili nisizipime, na leo alikuwa anasikia kila kitu, mpaka nzi. Kwamba alifuata mkono wangu kwa sababu alitaka kuniona nimesimama. Eti yeye Injinia aliona kibandiko cha rangi ya chungwa kimenata kwenye mtandio wa Bibi asubuhi.

Masikini Injinia. Saa yake bado imesimama, na uchungu wake hauna pa kwenda. Mkono wangu ulifanya kazi. Ukumbi mzima uliuona.

Jumapili, tarehe 17 Machi

Bibi anaimba jikoni! Tangu asubuhi. Shangazi amelazimika kunyamaza ili asikilize, Mama ametabasamu mara mbili. Ninaandika haya kwenye mkeka na sauti inapita chini ya mlango pamoja na harufu ya vitunguu.

Baada ya kifungua kinywa aliniita. Akaniuliza magoti yanaendeleaje. Nikasema jana yalitetemeka mwanzo hadi mwisho. Akasema hilo aliliona, lakini aliona pia kwamba yalisimama. Akanishika kichwa kama anavyoshika tikiti analotaka kununua. Kisha akafungua mkoba, akatoa pakiti mpya ya betri. Sita, vibandiko vyote juu yake! Akasema, na ninaandika kama alivyosema: "Hizi ni zako, mume wangu. Zipime upendavyo. Zangu uziache zipumue zenyewe."

Nimeguswa sana. Katika nyumba hii yenye Injinia, ni mimi niliyekabidhiwa akiba ya betri za familia. Injinia alisikia, akaingia chumbani akajifunika shuka usoni, shuka likitikisika. Lazima imemuuma.

Hii pakiti Bibi aliipata wapi wakati duka limeishiwa? Nadhani Bibi Filimbi amejuta akairudisha. Ndicho walichokuwa wakichekea.

Mchana nilipita kwa Mzee wa Vikorokoro kumpa habari za ushindi. Amefurahi. Anacho kipima kingine, cha nne, ambacho hakina mshale kabisa, kina kengele. Anasema huyo ndiye anayewapima wote watatu. Nimempa ile plasta na mkanda wangu wa shule, nitafunga kamba.

Kazi ya kweli inaanza kesho jioni, nikitoka shule. Ili nisipoteze muda, vibandiko nimekwisha kuvibandua vyote sita.